Esta Amepotea Stesheni

Jumatatu, 2 Novemba
Maji tena. Kushuka bondeni gizani, kupanda na debe kichwani, kisha darasani na chaki. Watoto wa darasa la kwanza wanasinzia, nami nasinzia. Jirani yetu aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga amefika hapa Mkunya leo. Anasema mume wangu Petro yuko Mtwara, ameshuka melini, anangoja mizigo yake. Atapanda gari moshi la Alhamisi kuja Masasi. Petro aliondoka kwenda huko Tanga binti yetu Esta ananyonya. Sasa Esta anang'oka meno ya mbele.
Sikufurahi. Niliogopa. Halafu nikafua gauni la Esta kwa maji ya kunywa.

Jumatano, 4 Novemba
Mwalimu mkuu kaniruhusu. Tumeshuka kutoka Newala kwa lori la korosho, juu ya magunia. Esta hajawahi kupanda gari. Kwenye mteremko mimi nilifumba macho, yeye alicheka. Tulipofika Masasi akagoma kushuka, mpaka nikamchapa kidogo. Tunalala kwa Mama Yusta, rafiki yangu tangu shule ya misheni. Anasema nimekonda. Najua.

Alhamisi, 5 Novemba
Esta amepotea.

Ijumaa, 6 Novemba
Niandike, pengine nitakumbuka kitu.
Stesheni ilijaa. Malori ya korosho yamepanga foleni, mahamali wanapiga kelele, wauza vitumbua, baiskeli, watu wa Newala, watu wa Tunduru. Esta nilimshika mkono. Gari moshi likapiga honi na watu wote wakasukumana mbele. Nikamwona Petro dirishani, mvi kichwani. Nikainua mkono kumpungia. Ndio mkono ule ule.
Aliteremka na sanduku na baiskeli. Akanisalimu, akachungulia nyuma yangu. "Mtoto yuko wapi?"
Nikageuka. Esta hayupo.
Tumeita mpaka sauti zimekauka. Tumeangalia chini ya mabehewa, chooni, ghalani. Stesheni masta amepiga simu stesheni zote mpaka Mtwara. Zimejibu leo: hakuna mtoto. Hizo ndizo njia za reli. Za malori nani anazijua? Yalipokwisha kupakua korosho yalipakia chumvi na nguo, yakatawanyika kila upande.
Petro aliniuliza Esta ana sura gani. Mama mzazi, nikashindwa kujibu. Nikasema ana gauni la bluu.

Jumamosi, 7 Novemba
Petro alitoka alfajiri kwa baiskeli kuelekea Chiungutwa. Nilibaki stesheni kuuliza kila dereva. Wengine wananihurumia. Mmoja alisema watoto siku hizi wanachukuliwa na mumiani, wanyonya damu. Nilimrushia kiatu.
Petro karudi jioni, shati limechanika, mdomo umevimba. Aliona mtoto wa gauni la bluu gulioni. Akamkimbilia, akamkumbatia, akamwita Esta. Mtoto akapiga yowe. Mama yake akapiga yowe. Watu wakamvamia: mumiani, mumiani! Jumbe ndiye aliyemwokoa.
Akakaa chini ukutani kwa Mama Yusta, akasema, "Mama Esta, nitamtafutaje mtu nisiyemjua?"
Nikamwambia angerudi mapema angemjua. Nikamwambia mengine ambayo siandiki. Yeye akawa anafuta mdomo kwa kipande cha shati. Nilitamani anipige, angalau tuwe tumefanya kitu.

Jumapili, 8 Novemba
Kanisani sikuimba. Sikuomba. Nilihesabu vichwa vya watoto.
Baada ya ibada dereva wa lori la Lukuledi akaja kututafuta. Siku ile alipakia chumvi pale stesheni, akaondoka. Njiani bibi mmoja Mmakua alimsimamisha, akapanda nyuma, na alipokuwa akiteremka alikuwa na mtoto analia. Dereva alidhani ni mjukuu wake. Hakukumbuka aliwashusha kijiji gani.
Magunia. Esta alipanda juu ya magunia. Alidhani ni lori letu, la kurudi nyumbani. Na bibi hajui Kimakonde, na Esta hajui kingine.
Tulipanda lori lile lile mpaka Lukuledi, tunauliza kila kijiji. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Tumelala misheni. Sijalia. Naona nikianza sitaweza kusimama.

Jumatatu, 9 Novemba
Tulirudi kwa miguu, Petro anasukuma baiskeli, tukiingia kila njia ya pembeni. Jua kali. Nilikuwa nimekwisha kusema moyoni kwamba amekufa. Nilikuwa nafikiri nitamwambia nini mama yangu.
Petro akasimama. "Yule pale."
Mbele, mbali, bibi na mtoto, kanga moja imewafunika wote wawili kichwani. Hata uso hauonekani. Nikamwambia asije akapigwa tena. Akasema, "Anatembea kama marehemu mama yangu. Angalia mguu wa kushoto."
Nikakimbia.
Ni yeye. Amechubuka goti. Ananuka moshi na viazi vya kuchoma. Hapo nililia, nikalia barabarani kama mwehu.
Bibi alikuwa akimpeleka misheni kwa miguu. Kwake ni nje ya kijiji; siku zote hizo alingoja lori lipite, la jana hakuliwahi, miguu yake mibovu. Petro akapiga magoti: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kidogo. Alisema mtoto anakula vizuri, ila usiku anaita. Tulimpakia bibi kwenye baiskeli, tukamrudisha kwake.
Petro alipomnyooshea Esta mikono, Esta akapiga kelele, akajificha ndani ya gauni langu. Petro akarudisha mikono, akashika usukani wa baiskeli.

Alhamisi, 12 Novemba
Tumefika nyumbani jana. Leo nimefundisha. Kichwa kizito.
Jioni ugali na kisamvu. Esta alikaa upande wangu, akamtazama Petro muda mrefu. Akaniuliza kwa Kimakonde, "Huyu mgeni anaondoka lini?"
Petro akaacha kutafuna.
Nikasema, "Haondoki."
Esta akafikiri. Kisha akalivuta bakuli la kisamvu kutoka mbele yangu, akaliweka katikati, pale mkono wa Petro unapofika. Akaendelea kula.
Nje kuna upepo. Wote wawili wamelala.