Sindano Niliyoichagua kwa Urembo

Baba,

Habari ya nyumbani, na kifua chako kimepoa? Huku Isiolo ni jua na upepo wa vumbi. Nyama ya mbuzi ni tamu, lakini leo sijaionja.

Jana mchana nilipiga muziki kwenye harusi ya rafiki yangu hapa Burat. Ile sindano yako nzito ya santuri niliiacha kwenye droo, nikaja na mpya inayong'aa, laini, ya mtu anayesikiliza muziki akiwa amekaa sebuleni. Ulinionya kuwa itaruka. Bibi harusi alipoingia akicheza, nikaweka santuri yako ya reggae na kufungulia besi. Meza ikatetemeka, sindano ikaruka. Nikaiwekea sarafu juu ili itulie, ikaruka tena. Watu wote wakanigeukia.

Nikashika maikrofoni nikasema, "Poleni, hii santuri ni mbaya. Ni ya zamani."

Shangazi wa bibi harusi akanisogelea. "Ni ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Na alikupatia ikiwa mbaya?"

Nikaitoa santuri, nikampa. Akaipangusa vumbi kwa leso yake, akairudisha kwenye jalada polepole. Wanawake wakaimba wenyewe mpaka bibi harusi akafika kwa kiti chake.

Santuri yako ni nzima, Baba, nimeiangalia mara tatu. Niwekee ile sindano. Na tafadhali nisamehe kabla sijafika, kwa sababu nikikukuta mlangoni sitaweza kulisema hili.

Mwanao,
Mwenda