Yadi za Kumfikia Baba

Jumatatu, 13 Mei

Baba alifariki Januari na mpaka leo hajatulia. Majivu yake yako juu ya friji la kaka yangu Lachlan! Mimi nataka Baba alale kando ya Mama, kwenye makaburi ya kanisa. Lachlan anataka amwagwe kwenye mchanga wa uwanja wa gofu, kando ya shimo la saba — eti huko ndiko marehemu alikoishi nusu ya maisha yake. Leo kanikumbusha neno la Baba hospitalini: msigombane, chezeni shimo la saba, kila mmoja apige mara moja, mpira utakaoikaribia zaidi bendera ya shimo uamue. Nilikuwepo. Nilidhani ni dawa zinaongea.

Mchezo ni Jumamosi. Mwenzangu kacheza tangu utotoni. Mimi sijawahi kushika fimbo!

Jumanne, 14 Mei

Dukani kwa Mungo, muuza vifaa vya gofu. Kasema ukijua umbali, nusu ya kazi imekwisha. Kuna darubini ya leza: unailenga bendera, inakupa yadi. Kuna saa ya mkononi inayosoma setilaiti. Nikauliza, ipi inamfaa mtu asiyejua kitu? Akajikuna kichwa. "Asiyejua kitu, mama, anunue masomo." Masomo hauzi.

Nikachukua darubini. Jioni nimepima kanisa, kondoo, na mume wangu Fergus akipalilia vitunguu. Kasema nikome kumlenga.

Alhamisi, 16 Mei

Uwanjani kujaribu. Aibu! Mkono unatetemeka, leza inapita kando ya bendera. Yadi 140. Halafu 612 — hilo kanisa. Halafu tisa — nyasi.

Mungo kanibadilishia, kanipa saa. Hii haitetemeki: 138. Nikapiga. Mpira ukaenda yadi sita. Saa: 132. Nikapiga tena, mpira ukagonga jiwe, ukarudi nyuma yangu. Saa ikanifuata: 141. Haina hata chembe ya huruma.

Ijumaa, 17 Mei

Malengelenge mikononi. Mpira mmoja umefika kwenye bendera. Mmoja!

Jumamosi, 18 Mei

Ukungu wa baharini, mzito kama uji. Bendera haionekani. Lachlan kaja na kopo la majivu ya Baba ndani ya koti, eti shahidi, na mipira miwili kutoka mfuko wa gofu wa Baba. Akainua leza yake: yadi nne. Inapima ukungu! Akaipangusa. Nne.

Akanigeukia, sauti chini. "Dada Ishbel... saa yako inasemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema 138.

Akapiga, mpira ukamezwa na ukungu. Nikapiga — mlio ambao sijawahi kuusikia kutoka kwenye fimbo yangu. Tukaifuata mipira. Mpira mmoja umelala mkono mmoja tu toka bendera. Mwingine umo mchangani. Nikasema wa karibu ni wangu. Akasema wake. Tukainama. Yote miwili ina nukta ya kijani, alama ya Baba!

"Wewe ufike hapa?" kasema Lachlan. "Wewe?"

"Na wewe uliyepima ukungu?"

Akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi, na mimi nikakaa, machozi yakanitoka, sijui ya nini.

Sasa kaenda klabuni kuleta chai. Kasema tukipata moto tumboni tutakumbuka nani alipiga upi. Alipoinuka akanipa kopo. "Mshike Baba kidogo."

Ni zito kuliko nilivyodhani. Nimelifunga kwa skafu yangu. Nyayo za Lachlan sizisikii tena, na ukungu utanificha mpaka kwenye kaburi la Mama —