Kitunguu cha Saa Kumi na Mbili

Dada yangu,

Muuguzi wa wodi ya wanaume ameniambia asubuhi hii kwamba Baba amemaliza kikombe cha uji na ameweza kukaa bila kuegemezwa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote kulitafuta. Sasa shikamoo. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba goti lako limetulia. Mimi mzima. Barua hii anakuletea shemeji, anayerudi huko kesho. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungelia kabla sijafika katikati, nami nataka ufike mwisho.

Umeshasikia kwamba Baba alianguka kwa kinyozi. Hakuanguka hasa. Kinyozi anasema alimaliza kumnyoa, akamtoa kitambaa shingoni, akamtania kwamba sasa yuko tayari kwenda kuposa. Baba akacheka, akasimama, kisha akarudi kitini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Kinyozi akafunga duka na kumleta hospitali mwenyewe.

Daktari hakukuta ugonjwa. Alisema mwili wa mzee umekosa chakula kwa muda mrefu, akaniuliza huwa anapika mara ngapi nyumbani. Nikamjibu kila siku. Nilijibu bila kusita, kama ambavyo ungejibu wewe. Si tulikubaliana baada ya mazishi ya Mama, wewe, mimi na Baba: maadamu anajipikia kila siku, abaki kwake, siku atakayoacha, nyumba ipangishwe, aje kukaa na wewe. Na kila ulipompigia saa kumi na mbili jioni alisogeza simu kwenye kikaango usikie kitunguu kinavyolia kwenye mafuta, kisha akakuaga haraka kisije kikaungua. Mimi alinifanyia vivyo hivyo, na juu yake akanicheka kwamba mwanamume mzima nalelewa na mikahawa.

Daktari hakubishana nami. Alisema tu kwamba vipimo vya damu havisemi hivyo.

Nikaenda nyumbani kuangalia. Kikaango kilikuwa safi, kimefunikwa mezani. Vitunguu tele kikapuni, chupa ya mafuta nusu. Ule mchele uliomletea ulipokuja likizo, uzi wa mfuko bado haujafumuliwa. Maharage yameingia wadudu. Ndani ya sufuria kubwa ya Mama kuna vumbi, na buibui amejijengea humo. Kabatini nikakuta mkate, majani ya chai na sukari. Basi.

Nikiwa bado nimesimama, kuku wa jirani wakaja wakajipanga kwenye mlango wa nyuma kama wateja. Mama Pacha akawafuata, akanipa pole, akaniomba radhi kwa ajili yao. Alisema ikifika saa hizi hawashikiki, ni mbio kwa mzee, na yeye siku zote alijisifu kwamba wamenona kwa pumba zake. Nikamuuliza mzee huwapa nini. Akasema kitunguu. Kimekaangwa vizuri, cha kahawia, kila kipande sawa na mwenzake, si unaujua mkono wa fundi cherehani. Alidhani ni makombo. Zamani alikuwa akimpelekea sahani ya chakula, mpaka siku Baba alipomuuliza, mama, kwani pua yako imeziba, harufu huisikii? Unataka kukitukana kikaango changu? Akaona haya, akaacha.

Leo nimekaa kando ya kitanda chake nikamwambia nimewaona kuku. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Nikamwambia ninavyofikiri, kwamba alitudanganya ili asihamishwe. Alikubali kwamba hilo lilikuwemo. Kisha akageukia dirishani, akanieleza lililobaki.

Mama alipokuwa hawezi tena kuinuka, aliamua kumfundisha Baba kupika, asije akafa njaa yeye akishaondoka. Alifundisha akiwa amelala, milango yote wazi, kwa kunusa tu. Alimwambia kwa ile sauti ndogo iliyokuwa imembakia kwamba hicho si kitambaa cha suruali, aache kupima, akate. Baba akiunguza, aliambiwa amwage aanze upya. Mama alikataa katakata kusonga mbele mpaka kitunguu kiwe kama anavyotaka. Jioni moja kilinukia vizuri hata Baba mwenyewe akajua leo amepatia. Akasimama na mwiko mkononi, akingoja aambiwe atie nyanya. Alingoja mpaka kikaanza kuungua. Ndipo akaenda chumbani.

Dada, sisi tuliambiwa kwamba Mama alifariki Baba akiwa kando yake, amemshika mkono. Hakuwa kando yake. Alikuwa jikoni, amempa mgongo, anatabasamu peke yake. Hilo hajapata kumwambia mtu.

Nikasema, Baba, baada ya kitunguu ni nyanya, hata mimi wa mikahawani najua. Akasema anajua, hakulelewa porini. Lakini kila jioni hukikaanga, kikiiva huzima moto na kusikiliza kidogo. Baada ya hapo hawezi kukila. Chai na mkate vinapita kooni. Kile hakipiti.

Nikamuuliza kama atakubali umwelekeze wewe kwa simu, maana ndiwe uliyefundishwa na Mama ukamaliza. Akanyoosha pindo la shuka kwa vidole. Halafu akasema nikuambie usipaze sauti.

Kinyozi anakusalimu. Mama Pacha pia. Wape watoto salamu za babu yao, na mwambie shemeji asante kwa machungwa. Habari ya kuhama, tafadhali usiitaje kwanza.

Daktari amesema Baba atatoka Alhamisi saa nne asubuhi. Nitampeleka kwake na nitalala huko. Nyanya nitakuwa nimeshanunua, na mlango wa chumbani nitauacha wazi, ameniomba hivyo. Piga saa kumi na mbili jioni. Utasikia kitunguu, kisha utamsikia amekaa kimya. Hapo ndipo useme.

Mdogo wako,
Mtoto wa Mikahawani