Baba, Esansi ya Muyinga Ilikuwa Haijatulia

Mpendwa baba,

Kwanza nikutoe wasiwasi: densimeta yako haijavunjika. Iko juu ya kabati, nyuma ya birika tusilolitumia, bado imo ndani ya ile soksi yako ya kijivu. Juma mume wangu hupita mbali na kabati hilo. Nadhani kile kijiti cha kioo cha kupimia mafuta anakiogopa kuliko alivyokuogopa wewe.

Kazi yako ilikuwa kupokea mafuta kwenye depo hapa Gitega, lakini ulirudi nayo nyumbani kila siku. Ulipima mafuta ya kupikia ya mama. Ulipima hata maziwa ya yule mama wa Giheta, na densimeta iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli ikaruka juu ya maziwa na kulala ubavu. Ukamwambia, "Maziwa yako haina adabu." Yule mama akasusa, tukanywa chai ya rangi mpaka mama alipokwenda kumbembeleza.

Mimi ulinifundisha nikiwa mdogo, kwenye mlango wa nyuma, mbali na moto. Ulimimina petroli, au esansi kama ulivyoiita, kwenye chupa ndefu, ukatumbukiza densimeta, tukakaa bega kwa bega kuitazama ikielea. Ikizama sana, esansi ni nyepesi, ni safi. Ikipanda, ni nzito, mtu ameichanganya na mafuta ya taa.

"Lakini usipime esansi yenye imetoka barabarani," ulisema. "Ndani mule kuna gesi imejificha. Ikitikiswa inatoka, inafanya viputo, viputo vinashika kioo vinakipandisha. Utaita mutu mwizi bure. Funika, iache itulie, ndiyo upime."

Madereva wa malori walikutukana kwa kuwasubirisha uani. Hukumsikiliza hata mmoja.

Basi ikaja siku ya posa yangu. Watu wa Juma walitoka Muyinga, na esansi ilikuwa imepotea kama ilivyopotea leo. Pampu za mjini zilikuwa zimefungwa minyororo, na magari yalilala kwenye foleni bila wenyewe. Juma alikuja na vitenge, na sukari, na katikati ya vyote hivyo akashuka amekumbatia bidoni, dumu zima la esansi ya kutembezea magari ya harusi. Shangazi Mwajuma aliipigia vigelegele vya nguvu kuliko alivyopigia vitenge. Mimi nilikuwa nachungulia nyuma ya pazia, nikajiambia nimepata mume.

Wewe ukainuka, ukaingia chumbani, ukarudi na soksi.

Shangazi alipoona hivyo alibeba jiko la makaa, sufuria ya pilau ikiwa juu yake, akakimbilia kwa jirani. Wageni walidhani wamenyimwa chakula. Ukamimina esansi kwenye chupa pale pale uani, mbele ya wazee waliovaa kanzu, ukatumbukiza densimeta. Ikapanda.

"Bon," ukasema. "Hii iko na mafuta ya taa ndani."

Nilishika pazia mpaka likang'oka upande mmoja. Mshenga wao, mzee mwenye ndevu nzuri, alisimama.

"Mzee, tumetoka Muyinga asubuyi, njia yote kijana iko imepakata hii bidoni. We unatuita wezi?"

"Mi sijaita mutu mwizi. Densimeta ndiyo iko inasema."

"Alors, ioe hiyo densimeta!"

Wazee wakaanza kutafuta viatu vyao. Juma alikuwa ametota jasho. Akauliza kwa sauti ndogo kama aende Muyinga akalete nyingine. Kwa mguu, baba! Nilikuchukia, nakwambia kweli. Niliona ndoa yangu inaondoka na kanzu zile.

Aliyeniokoa ni shangazi, aliyekuwa amerudi bila pilau.

"Hata hiyo esansi imetoka safari," akasema. "Muiache ipumuzike, na nyinyi mukunywe fanta."

Ukafunika chupa. Kisha ukaniita. Mchumba huwa hatoki nje siku kama ile, lakini uliniita nilete kitambaa. Ukaniita tena nilete maji. Mwisho ukasogea kwenye mkeka, ukanikalisha kando yako mbele ya wageni wote, tutazame. Wageni wakanywa fanta kwa hasira. Viputo vikaachia kioo kimoja kimoja, densimeta ikashuka polepole mpaka pale pa esansi safi. Watu wakakutazama.

"Bon," ukasema. "Esansi imetubu."

Mshenga alicheka mpaka fanta ikamtoka puani, na posa ikapita.

Miaka yote hii tumekucheka, baba. Kila sikukuu Juma husimulia jinsi bingwa wa depo alivyosahau somo lake la kwanza, na watoto humwomba aigize ile "bon" yako. Hata kwenye matanga yako aliisimulia, tukacheka tukilia.

Jumamosi hii wanakuja kumposa Rehema, mjukuu wako. Kijana naye anatoka Muyinga. Sijui mji ule umetufanya nini. Ametuma salamu kwamba ataleta bidoni, maana pampu zimekauka tena. Juma amesema, "Bon, mama Rehema, umwambie afike mapema, hiyo esansi ipate kutulia." Nikaitikia.

Nikapanda kiti, nikaitoa soksi kabatini. Rehema alikuwa jikoni anaimba, na uimbaji wake ni mbaya, na ni mimi nitakayeukosa. Ndipo nikashuka, nikaketi na soksi mapajani. Wewe uliyesubirisha malori, ukatukanwa na nchi nzima, usisahau hata siku moja, ungesahau siku ile?

Hukusahau, baba. Ulitaka nije nikae kando yako tena, kidogo tu, kabla hawajanichukua.

Nimekukumbuka mpaka inauma. Densimeta nimeiosha. Nimemwambia Rehema asiende mbali siku hiyo, nitakuwa namwita mara kwa mara. Yule kijana bado simjui vizuri, lakini namwonea huruma, kwa sababu bidoni yake ikishuka tu garini, kabla haijatulia, nitapima.

Lala salama, baba yangu.

Ni mimi, mwanao wa mlango wa nyuma