Bluu Isiyotwangika

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye. Ezra akusomee barua hii taratibu, na wewe Ezra, mdogo wangu, usiruke mstari hata ukiona aibu. Goti linaendeleaje, mama? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku imenichubua midomo na mkate wao nimeuchoka, ila kazi ipo: niko maabara ya chuo, nakata vitu vipande vyembamba ili wataalamu waviangalie kwenye hadubini.

Tangu mmzike dada yangu Leonia bila mimi, sina raha. Ezra aliniambia kwenye simu kwamba kule Titye watu wote walitupa udongo kaburini, wewe ukabaki kwenye benchi. Ulisema, "Mtoto wa kijicho simtupii udongo." Sikukulaumu. Maneno hayo niliyapanda mimi.

Unakumbuka vikapu vya harusi yangu. Uliwaahidi wakwe zangu vikapu vya bluu ambavyo Kasulu nzima haijawahi kuviona. Leonia akachuma yale matunda ya porini yanayong'aa, akayatwanga kinuni, yakatoka rangi ya matope. Kwa hasira nikasema nimemwona akitia majivu. Sikumwona, mama. Ukamwambia, "Nenda kwa shangazi yako, macho yangu yasikuone," naye akaenda Titye, hakurudi. Miaka yote hii nimejifariji kwamba labda kweli alitia.

Mwezi uliopita wataalamu walileta matunda yaleyale, makavu, yaliyochumwa kabla sijazaliwa. Bado bluu, yanang'aa kana kwamba yamechumwa jana! Wanataka kujifunza kwayo namna ya kutengeneza rangi isiyopauka. Nikauliza dawa inayoyatia rangi ni ipi. Wakasema hamna dawa. Ndani ya ganda kuna nyuzi ndogo mno, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mpangilio huo ndio unaorudisha mwanga wa bluu. Ukitwanga umeuvunja. Ni kama kufumua kikapu chako: nyuzi zote zipo, kikapu hakipo. Nikaomba tunda moja, nikalitwanga kwa mkono wangu. Matope yaleyale. Nililia mbele ya wazungu, nikawaambia ni mafua.

Maji yakimwagika hayazoleki, na ndoa yenyewe unajua iliishia wapi. Lakini kutoka hapo Makere, Titye si mbali; aliye mbali ni mimi. Nakuomba uchukue udongo wa uwani, pale penye kinu, ukamtupie mwanao. Umwambie hapakuwa na majivu.

Nisalimie shangazi aliyemlea mtoto tuliyemfukuza. Nisalimie mama mkubwa, na mke wa Ezra. Ezra mwenyewe simsalimii, najua sasa hivi anakwepa macho yako. Mungu alipe nguvu goti lako kwa safari hiyo.

Ni mimi mwanao, yule uliyemwamini,

Skolastika