Teke la Shemeji Yako

Pipalkheda, karibu na Ujjain,
Siku ya tatu baada ya sikukuu ya Holi.

Mpendwa mdogo wangu Harkishan,

Hujambo huko Surat? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, na mimi bado ndiye mwanaume mzuri kuliko wote hapa kijijini, bisha! Ila usingizi sina. Wivu, mdogo wangu. Tena wivu wa mti.

Unamkumbuka jirani yetu Pandit Vishnukant, yule msomi aliyefiwa na mke, anayetafuna mashairi ya Kisanskriti kama tambuu? Mti wake wa ashoka uligoma kutoa maua. Akatutangazia kibarazani kwake kwamba washairi wa kale walisema ashoka hauchanui mpaka mwanamke mzuri aupige teke. Wanawake wakacheka. Shemeji yako Godavari, na mvi zake zote, akainuka akautandika teke, puu!

Basi ukachanua. Mwekundu mzima, utadhani unaungua. Sasa Pandit kila asubuhi yuko mlangoni na shada: "Mama Godavari, mti wako unakusalimu." Mti wake tangu lini? Mimi niliyemfukuza chui kwa kandambili sijawahi kusalimiwa hivyo!

Nikamwambia mke wangu, "Haya, na mwarobaini wetu uupige."

"Mwarobaini unachanua hata ukipigwa na nyati," akanijibu. "Sema kweli, mzee, unauogopa mti au unamwogopa mwenye mti?"

Nikanuna. Mkate wa mahindi na dengu nikavisusa. Nilikula baadaye kwa siri, usimwambie.

Jana jioni nikamwona anapaka miguu rangi nyekundu, halafu anavaa njuga za harusi yetu. Nikajua, huyo anakwenda kwa Pandit. Nikajitupa kwenye kitanda cha kamba uani, nikageukia ukuta. Njuga zikalia. Zikasogea. Mara teke likanitua kiunoni!

"Haya na wewe, chanua basi! Umenuna vya kutosha."

Mdogo wangu, nilichanua. Nilicheka mpaka Pandit akasikia ng'ambo ya ukuta, na sauti niliiongeza makusudi.

Leo asubuhi shada limekuja tena. Nimempa mbuzi alile.

Msalimie mkeo Sarju, na shangazi Jamna mwambie ndevu zangu bado nyeusi. Shiva awafunike kwa baraka zake.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko mti wowote,
Bhairulal