Nusu Tatu za Kompyuta Yangu

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria. Kipashe moto jikoni, si juu ya kompyuta, ingawa leo asubuhi hata chai ingechemka pale. Mawingu yakitanda, anua nguo.

~~Usiiguse tena kompyuta yangu.~~ Hapana, iguse, maana aliyeiharibu ni wewe.

Nilichoomba kilikuwa kidogo tu. Programu yangu ya kudarizi haielewani na mfumo mpya wa kompyuta, ukasema utauweka ule wa zamani ndani yake, kompyuta ndani ya kompyuta. Nikakubali. Kumbe umeweka programu tatu za kazi hiyo hiyo, eti "tuzilinganishe kwanza", zote zinaamka pamoja nikiwasha, na kila moja umeiahidi nusu ya memori! Nusu tatu, mume wangu? Wewe ni fundi umeme au dalali wa vyumba?

Kocha alikuja kuchukua jezi za timu, limebaki jina moja tu la kudarizi. Nikawasha. Kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga, kioo kikawa cheusi tii, na kocha mzima akajificha nyuma ya mlango. Sasa nawafuata uwanjani na sindano, nimdarizie golikipa jina kwa mkono kabla ya mechi. Na jina lenyewe refu kama treni!

Futa mbili, ubaki na moja. Yoyote. Mimi ulinichagua bila kunilinganisha na mtu, na mpaka leo sijakwama.

Mama watoto